Mita ya Nana Bentsil

Saltpond,
4 Machi

Kaka yangu mpendwa Kwamena,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto huniamsha kabla ya kengele ya kanisa, na hata kwa hilo nashukuru, maana angalau naamka. Wewe u hali gani na vumbi la Tarkwa? Kile kikohozi kimepoa? Msalimie sana shemeji Adwoa na watoto. Hapa nyumbani wote wanakusalimu, hata wale ambao wenyewe kwa wenyewe hawasalimiani.

Hilo la kutosalimiana ndilo limenishikisha kalamu. Ulisema mambo ya nyumba nisiyaseme kwenye simu kwa sababu ua wetu una masikio, na ni kweli. Juzi nilipiga chafya chumbani kwangu, binamu yetu Esi Mansa akaniambia "pole" kutoka upande wa pili wa ua.

Kaka, umeme unatumaliza. Unajua tuko vyumba saba na mita moja. Bili ikija tunakaa uani kuhesabu pointi kama kawaida yetu: balbu pointi moja, feni mbili, televisheni tatu, friza ya Esi kumi. Zamani tulihesabu tukicheka. Siku hizi tunahesabu tukiangaliana. Wiki iliyopita Mwalimu Ato alikutwa amesimama dirishani kwa Ekua akichungulia kuona kama Ekua ameficha pasi. Ekua akamuuliza, "Mwalimu, unahesabu balbu au unahesabu watu?" Mke wa mwalimu hajampikia dokono, yale mabonge ya unga wa mahindi, tangu siku hiyo; mwalimu anakula kwa mama muuza chakula barabarani.

Mimi nina balbu moja na redio ya kusikilizia ibada. Feni yangu ilikufa Krismasi. Bado mchango wangu umepanda. Nani anakula umeme wangu? Namshuku kila mtu, halafu Jumapili naenda kushiriki meza ya Bwana nao. Hali hiyo si nzuri kwa roho.

Sasa sikia. Umoja wa kina mama wa kanisa ulitembelewa na afisa wa tume inayosimamia bei za umeme, anaitwa Dzifa, binti mdogo mwenye sauti kubwa. Alituambia sheria imeweka bei nafuu kwa mtu anayetumia kidogo, ili maskini asikae gizani. Bei inapanda kadiri mita inavyosoma zaidi. "Lakini mita haina macho," akasema. "Nyumba saba zikijikusanya nyuma ya mita moja, mita inaona mtu mmoja mkubwa, tajiri, mwenye viyoyozi. Basi mnalipa bei ya tajiri." Kina mama tukaguna ukumbi mzima. Dawa yake, akasema, ni kila chumba kuwa na mita yake, na kampuni hairuhusiwi kukataa ombi likiwa kamili.

Kinachotakiwa ni saini ya mkuu wa ukoo, na mkuu wa ukoo ni wewe. Nakuomba utie saini, kaka, tupumue.

Jambo la mwisho, na hili ni lako peke yako. Unikumbuke katika sala. Ukuta kati ya chumba changu na chumba cha marehemu mzee wetu Nana Bentsil unavuma. Unavuma chini chini kama mtu anayeimba amefunga mdomo, kisha unanyamaza, kisha unaanza tena. Miaka yote hii nimeukemea kwa zaburi. Sijamwambia mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Araba


Tarkwa,
15 Machi

Mdogo wangu Araba,

Salamu zako nimezipata na nimezipokea kwa mikono miwili. Kikohozi bado kipo lakini tumezoeana. Adwoa anakusalimu, anauliza kama goti umelikanda kwa tangawizi. Watoto hawajambo, wanakula tu.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango.

Kwanza, huyo Dzifa ni binti wa nani? Nani alimwalika kanisani? Mtu wa serikali akija bure, bila kuomba hata maji ya kunywa, mimi naangalia mikono yake. Leo anakupa mita, kesho anakupa fundi, keshokutwa fundi anakuwa shemeji.

Pili, umesahau yaliyoipata nyumba ya kina Kuntu pale njia ya sokoni? Binti yao aliomba mita ya chumba chake, kwa jina lake, kwa upole kama unavyoomba wewe. Wajomba wakasema, si umeme tu? Alipokufa, wanawe walikwenda mahakamani na rundo la risiti: chumba ni cha mama yetu, tazameni nani alikuwa analipa. Mpaka leo nyumba ile ina kufuli za mahakama na mbuzi wanalala sebuleni. Jina likikaa ukutani miaka kumi linaanza kujiona ndilo lililojenga ukuta.

Ndiyo maana mita yetu imebaki kwa jina la Nana tangu alipofariki. Nana hawezi kuuza nyumba. Nana hawezi kuolewa wala kuoa. Hakuna jina salama kuliko lake.

Sisemi wewe una nia hiyo. Nauliza tu: ni wewe unayetaka mita, au kuna mtu nyuma yako? Andika ukweli.

Mnataka bili ishuke? Zimeni friza ya Esi Mansa mwezi mmoja muone. Mwanamke yule tangu utotoni alikuwa analamba sukari na kusingizia sisimizi.

Hilo la ukuta ni upepo wa bahari. Usiuguse ukuta huo, usiite fundi, na mlango wa Nana usiukaribie. Ufunguo ninao mimi, na sababu ninayo mimi.

Mungu akulinde,
Kaka yako Kwamena


Saltpond,
22 Aprili

Kaka Kwamena,

Amani ya Pasaka iwe nawe. Sisi tumesherehekea, kwaya iliimba vizuri, na goti limekubali tangawizi, mwambie shemeji ahsante.

Neno lako nililisoma mbele ya wote uani, ila lile la sukari nililiruka. Friza ya Esi tuliizima mwezi mzima. Samaki wake wa msimu waliharibika, akawamwaga ufukweni mwenyewe akilia, na ile biashara yake ya maji ya barafu imechukuliwa na mwanamke wa nyumba ya jirani. Aliapa kwa Biblia yangu kwamba si yeye. Tulimwambia tutaona.

Tumeona, kaka. Bili ilishuka kidogo sana, kiasi cha kutia aibu. Esi alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akasema, "Haya, mwizi wenu mmemfunga. Mbona bado mnaibiwa?" Mimi hanisalimii tena, na ana haki.

Nilikwenda kwa Dzifa. Aliniambia, mama, chagueni siku moja, zimeni kila kitu, chomoeni kila plagi, kisha mtazame mita. Tulifanya Jumamosi mchana, kila mtu amesimama mlangoni kwake ameshika waya zake mkononi kama watu waliokamatwa. Mwalimu Ato akaenda kutazama mita. Kile kitaa chekundu kiliendelea kukonyeza. Nyumba imezimwa yote, lakini mita inahesabu!

Hapo wakaanza upya. Ekua akamwambia mwalimu afungue kabati lake. Mwalimu akasema yeye ni mzee wa kanisa. Ekua akasema hata Yuda alikuwa mwanakwaya. Nilimwambia hilo halimo katika Maandiko.

Mimi niliwaacha nikaingia chumbani kuomba. Ukuta ulikuwa unavuma, kaka. Nikaanza zaburi yangu, na katikati ya zaburi umeme wa mji mzima ukakatika, kama unavyokatika. Ukuta ukanyamaza papo hapo. Nikakaa kitandani kusubiri. Umeme uliporudi, kabla redio ya jirani haijapata sauti, ukuta ulivuma.

Nikajiuliza, pepo gani huyu anayelala umeme ukikatika?

Chumbani kwa Nana kuna kitu, na kitu hicho kimechomekwa. Wewe ndiye mwenye ufunguo. Sijawaambia wengine, lakini Esi si mjinga. Aliniona nimeegemeza sikio ukutani, na ndilo neno la kwanza aliloninenea tangu Pasaka: "Muulize kaka yako alijengaje nyumba Tarkwa." Unajua watu wanavyosema kuhusu vyumba vilivyofungwa na pesa zisizoeleweka. Nilimkemea, lakini lile neno limeniingia na halitoki.

Uliniuliza nani yuko nyuma yangu. Nyuma yangu hakuna mtu, kaka, kuna ukuta unaovuma. Ulituambia tumzime Esi, na ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Kuna nini mle ndani?

Mdogo wako,
Araba


Saltpond,
11 Juni

Kaka Kwamena,

Natumaini u mzima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, lakini safari hii nauliza kweli kweli. Wiki zimepita bila jibu. Nilimwuliza dereva anayeleta mizigo kutoka kwenu, akasema amekuona sokoni unanunua viazi vikuu. Basi u hai, na mkono wa kuandikia unao.

Umeme wamekata. Baada ya ile Jumamosi kila mtu aligoma kuchanga, akisema alipe yule anayekula. Vijana wa kampuni walikuja na ngazi asubuhi, wakakata nguzoni, wakaondoka. Tulipiga kelele kwamba hatukupewa notisi, na sheria inataka notisi.

Nilivaa nguo yangu nyeupe ya umoja wa kina mama nikaenda kulalamika kwa Dzifa. Kulalamika ni bure, na kampuni hulazimika kujibu. Akanikaribisha vizuri, akachukua kalamu.

"Mteja ni nani, mama?"

"Nana Bentsil."

"Yeye mwenyewe anaweza kuja?"

"Hawezi. Tulimzika miaka sita iliyopita."

Binti wa watu alifunga mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha akaniambia kwa upole: notisi zilitumwa, mama, tatu, kwa jina lake.

Nikakumbuka. Kaka, barua za Nana hakuna mtu anayezifungua katika nyumba yetu. Zikija tunazisukuma chini ya mlango wake kama tulivyofanya alipokuwa hai, kwa heshima. Basi maonyo yote anayo yeye mle ndani sakafuni. Sisi tumekaa gizani kwa adabu zetu.

Dzifa alisema hivi: tume iko kumlinda mteja, lakini lazima kuwe na mteja. Marehemu hawezi kudai bei nafuu wala kuulizwa kwa nini mita inakonyeza. Na kuhusu ile hofu yako ya kina Kuntu, nilimwambia. Akanionyesha fomu ya idhini. Imeandikwa wazi kwamba mwenye mita ni mtumiaji tu, mita haimpi haki yoyote ya nyumba, na mkuu wa ukoo anaweza kuongeza maneno yake mwenyewe mbele ya mashahidi. Nakutumia hapa ndani. Isome na mlango ukiwa wazi.

Esi Mansa alinijia jana. Akasema, "Araba, wewe hunywi maji ya tambiko kwa sababu ya kanisa lako, lakini sisi tunakunywa. Kila sikukuu ya mji Kwamena anaingia chumbani kwa Nana peke yake na kutoka na kibuyu. Yale maji huwa baridi kama yametoka kwenye friza yangu. Na mimi sijawahi kumuuzia barafu."

Ulituambia friji ya Nana ilichukuliwa na wanawe baada ya mazishi.

Sitaki kukuambia ninachofikiri. Nakuambia tu ninachosikia, yaani sisikii kitu. Tangu wakate umeme, ukuta umenyamaza. Leo ni siku ya tisa.

Araba


Tarkwa,
14 Juni

Araba mdogo wangu,

Salamu nyingi. Barua hii ameibeba dereva mwenyewe mkononi, nimemwambia asilale nayo.

Siku tisa! Ungeniambia siku ya kwanza, hata kwa hiyo simu.

Ndiyo, friji ya Nana iko mle. Hakuna kingine. Hakuna nyoka anayetapika pesa, mwambie Esi. Nyumba ya Tarkwa niliijenga kwa miaka kumi na minne ya kushinda mgodini chini ya ardhi nikivuta vumbi, na kikohozi hiki ndiyo risiti yake.

Wewe ulikuwa Cape Coast kwa mkutano wa kanisa wiki ile Nana alipokuwa anaondoka. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Ulikuwa mwaka ule wa giza, umeme unakuja siku moja na kupotea siku mbili. Alikuwa anaungua homa. Hakuomba daktari, hakuomba mchungaji. Aliomba maji baridi. "Kwamena, baridi, ya kuuma meno." Nilichukua ndoo nikazunguka Saltpond yote. Kwa wauza samaki, hotelini, hata mochwari niliuliza. Hakukuwa na barafu mji mzima. Nilirudi na maji ya mtungi, vuguvugu. Aliyashika mdomoni kidogo, akanitazama, akayameza kwa ajili yangu. Hakuomba tena.

Baada ya kumzika niliweka chupa za maji ndani ya friji yake nikachomeka plagi, nikafunga mlango. Sikuwa na mpango. Nilisema tu, safari hii akitaka, yapo. Kila mwaka nikija nikafungua nikakuta baridi, nalala vizuri Tarkwa.

Ni friji ya zamani, najua inakula. Sikujua inakula kiasi hicho, na sikuthubutu kuuliza. Ulipoandika habari ya mita ya kila chumba, nilifikiri: basi chumba cha Nana kitakuwa na namba yake, na namba itanitaja. Nikakuletea hadithi ya kina Kuntu. Ni ya kweli, lakini siyo iliyoniogopesha. Na Esi nikamtupia tu, kwa sababu alikuwa karibu na friza yake. Nitamwomba radhi kwa mdomo wangu nikija, na samaki wake nitamlipa. Usinisomee hili uani.

Fomu nimetia saini. Imo humu pamoja na ufunguo, umeshonewa ndani ya kitambaa. Fungua ukiwa na mashahidi, ili wasiseme.

Vyumba vyote saba vipewe mita. Chumba cha Nana ni cha nane, nacho kinahitaji mteja aliye hai. Andika jina lako.

Kuhusu friji, mimi siwezi kukuambia uizime. Wala siwezi kukuambia uiache. Fanya wewe.

Kaka yako,
Kwamena


Saltpond,
2 Septemba

Kaka yangu Kwamena,

Salamu katika Bwana. Goti zuri, mvua imepita. Tangu uondoke baada ya sikukuu nyumba imekuwa kimya. Tulikuwa na mengi ya kusema ukiwa hapa na hatukuyasema, kwa hiyo nayaandika.

Siku ile ya ufunguo niliingia na Esi Mansa, Mwalimu Ato na katekista. Barua za kampuni zilikuwa nyingi sana nyuma ya mlango mpaka mlango ukakataa. Kitanda kimetandikwa. Friji iko pembeni, upande wa ukuta wangu, na mlango wake umejaa kutu. Esi aliufungua. Chupa sita za maji, moto kama chai. Mwalimu akainama kutazama chini ya kitanda, akasema anatafuta soketi. Esi akamwambia, "Tafuta vizuri, Mwalimu, huenda pasi ya Ekua imo." Wote tukacheka, halafu nikawaeleza kuhusu ndoo yako na mji mzima usio na barafu. Sikusema uani, nilisema chumbani. Hukukataza chumbani.

Esi alizikusanya zile chupa kwenye khanga yake akatoka nazo.

Mita zimefungwa zote. Kampuni ilijivuta kidogo, Dzifa akawaandikia, wakaja. Bili yangu ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, ile ya mtu mdogo, nikaisoma mara tatu nikidhani wamekosea jina. Ya Esi si ndogo, lakini ni yake, na analipa akiimba. Usidhani tumekuwa malaika. Ekua hutoka kila asubuhi kutazama mita ya mwalimu, na mwalimu hutazama ya Ekua. Lakini bili ikipanda sasa, kila mtu anamshuku aliye ndani ya chumba chake tu, na kwa Mwalimu Ato huyo ni mkewe.

Mita ya nane ina jina langu kama ulivyotaka. Nimeandika karatasi mbele ya katekista, kwamba chumba cha Nana ni cha ukoo, na mimi wala wanangu hatuna dai lolote humo. Hukuniomba. Nakutumia hata hivyo, maana nakujua. Uiweke mahali pako pa siri, ulale.

Ile mita haisomi kitu, kaka. Umeme uliporudi niliingia peke yangu. Friji ilianza kutetemeka na kuvuma, na nikasimama pale nikiisikiliza bila ukuta katikati. Niliikemea miaka sita kwa jina la Yesu, kumbe ilikuwa inamtunzia mtu upendo wake kwenye baridi. Nilichomoa plagi kwa mkono wangu. Sasa naomba katika ukimya, na siku nyingine nakosa pa kuanzia.

Kwenye sikukuu ulipokabidhiwa kibuyu na Esi badala ya kuingia chumbani, nilikuona ukikishika na kusita. Ulimtazama Esi, ukanitazama mimi, kama mtu anayehofia ametiliwa kitu. Kisha ukaonja. Nilisimama mbali kwa sababu ya kanisa langu, lakini nilikuona ukishika shavu kwa baridi.

Zile chupa ziko kwenye friza yake, chini kabisa, chini ya samaki. Amesema haziuzi, na pointi zake hatakuhesabia.

Mdogo wako akupendaye,
Araba